Shangazi, Hizi Zinatosha Udaktari?

Kwanza niwatoe wasiwasi: bei yangu haijapanda. Mtu akinipigia kutoka Plano, huku huku Texas, akanitumia karatasi ya mwanawe kwenye simu na kuniuliza, "Shangazi, hizi zinatosha?", namtoza ahadi moja tu, kwamba nikimwambia ukweli asinikatie simu. Wengi hukata. Kisha hupiga tena jioni, sauti imepungua, wakidai mtandao ulisumbua.

"Hizi" wanazoulizia ni shughuli za nje ya darasa. Hapa Marekani hupokelewi shule ya udaktari mpaka umalize digrii kwanza, na ukishamaliza unapeleka maombi. Ndani ya maombi hayo wanakuuliza umefanya nini mbali na kusoma: umejitolea wapi, umemfuata daktari gani kazini, umefanya utafiti gani, kwa saa ngapi, na nani atathibitisha. Alama nzuri kila anayeomba anazo. Kwenye hizi shughuli ndipo watu wanapotofautiana, na ndipo wazazi wetu wanapoanza kunitafuta kama fundi wa gari bovu.

Mimi si daktari. Niliuza mitumba Kongowea, Mombasa, kabla ya kuja huku. Huku nikaanza dobi, kwenye chumba cha chini cha hospitali moja kubwa ya Houston, nikikunja mashuka. Halafu wakanipandisha ukumbi wa mapokezi, meza ya watu wa kujitolea, nikakaa hapo mpaka nilipostaafu na kurudi nyumbani Pearland, kando ya Houston, kulea magoti. Vijana wote waliotaka udaktari walipita mbele ya meza ile. Niliwapa aproni, niliwapa kazi, nikawaandikia barua au nikakataa kuwaandikia.

Watu husema mitumba na hospitali haviingiliani. Hawajui. Belo la mitumba likifunguliwa sokoni, nguo za juu, zile safi ambazo mama mwenye duka anazivamia kabla ya wengine, tunaziita kamera. Zinazobaki chini kabisa, za kuuzwa kwa fungu, tunaziita fagia. Mchuuzi hodari hatazami rangi. Anashika kitambaa, anageuza ndani, anaangalia mshono, kisha anavuta tena kwa sababu mara ya kwanza mkono hudanganyika. Nilipokalishwa kwenye ile meza nilichofanya ni kuendelea kushika vitambaa.

Aliyenifunza ile kazi ni Lorena, bosi wangu, mama wa Kimeksiko aliyezaliwa Houston na kuijua hospitali ile kama jiko lake. Siku yangu ya kwanza alinikuta nasoma fomu za waombaji, nimeinama, kalamu mkononi.

"Unasoma nini?"

"Nachagua walio bora."

"Weka chini," akasema. "Wiki ya kwanza kila mtu ni malaika. Subiri siku atakayokosa kuja. Simu ikilia kutoka wodini, wanauliza yule kijana yuko wapi, basi huyo ni mtu. Isipolia, alikuwa fanicha."

Nikalishika hilo neno nikalitumia miaka yangu yote. Sikupima saa, wala vyeti. Nilisikiliza simu. Kuna msichana mmoja mkimya sana, nilimdhania hafai, hata jina lake lilikuwa linanipotea. Akaugua mafua akabaki nyumbani. Kabla sijamaliza chai, wodi tatu zilikuwa zimeshapiga. Kumbe ndiye aliyejua mgonjwa gani miwani yake imeanguka nyuma ya kitanda, na mzee gani hali chakula mpaka televisheni izimwe. Barua yake niliiandika kwa mkono wa haraka, kama mtu anayeogopa mteja mwingine asiwahi.

Nimekosea pia, msidhani. Zamani nilimtuma kijana mgeni ampeleke mama mmoja kupigwa picha ya mifupa. Nikamwambia, kwa ujasiri wote, "Fuata mstari wa bluu sakafuni." Mstari wa bluu ulikuwa umepakwa upya wiki ile, mimi nikiwa likizo. Kijana akakisukuma kiti cha magurudumu na mgonjwa wake mpaka jikoni. Mwingine angelia. Yeye akamwambia yule mama, "Tumefika mapema, chagua pudini." Walirudi wote wawili wanalamba vijiko. Mama yule akawa hataki kusukumwa na mtu mwingine yeyote. Kijana sasa ni daktari wa mifupa, na natumaini wamempa ramani.

Na nimeona ujanja. Tulipoanza, vijana walitia sahihi kwenye karatasi. Zikaja kadi za kugusisha ukutani. Baadaye ikawa simu, na kila ulipokuja mtambo mpya kulikuwa na mwerevu aliyeujua kabla yangu. Mmoja aligusisha kadi asubuhi, akateremka mkahawani, akagusisha tena akienda zake. Sikuhitaji kamera za ulinzi. Aproni yake ilikuwa bado ina mikunjo ya pakiti. Mwingine aliniletea karatasi inayosema yeye ni rais na mwanzilishi wa shirika la afya kwa jamii. Nikamuuliza, "Wanachama mko wangapi?"

"Mimi na dada yangu."

"Dada yako nimuulize?"

Akatazama viatu. "Dada amejiuzulu."

Kwa hiyo mnaponiuliza zinatosha, nawajibu hivi. Usipandishe bei ya kitu usichonacho, maana hao wanaosoma maombi wameshika vitambaa vingi kuliko mimi. Usijaze nafasi zote kwa sababu zipo. Kazi ya kulipwa iandike: ghalani, hotelini, kutunza wazee. Wetu wengi wanaificha kama aibu, wakaandika klabu waliyohudhuria kwa ajili ya piza. Na jiulize swali la Lorena: nisipokuja, simu italia?

Hilo ndilo lilikuwa swali langu. Nililiona halina doa, mpaka nilipokutana na Belise.

Nilikuwa nimepanda kutoka Houston kwenda DeSoto, kando ya Dallas, kwa binti wa dada yangu, aliyekuwa amejifungua. Mpwa wangu anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, na mwenzake wa kazini ni binti wa Kirundi kutoka Fort Worth, mzaliwa wa kambi ya wakimbizi ya huko Kigoma, aliyekuja huku akiwa mtoto. Amemaliza digrii ya biolojia, anataka udaktari. Mpwa wangu akamsukuma mpaka kwenye kochi nililokalia.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Leta karatasi, usitetemeke, simng'ati mtu kabla ya pilau."

Nikaisoma. Nikaisoma tena. Alama zilikuwa kamera tupu. Lakini shughuli! Kazi ya kutunza wazee, sawa. Kumfuata daktari mmoja Arlington, siku chache. Kwaya ya kanisa. Basi. Mtu anaomba shule ambazo watu wanaziota, na karatasi yake ina nafasi ya kuegesha lori.

"Mwanangu," nikamwambia, "hizi, nisingekuwa kwenye nyumba ya watu, ningeziita jina lake la sokoni."

"Sema tu, Shangazi. Hata mimi I know it's weak."

"Na kufunga maombi ni lini?"

"Mwisho wa mwezi. Nikikosa mwaka huu, mama amesema nianze uuguzi. Hawezi kuningoja tena, na ana haki."

Simu yake ikawa inatetemeka mezani. Akaigeuza kifudifudi. Ikatetemeka tena mpaka kikombe changu kikalia. Akaomba radhi, akasimama karibu na dirisha, nikamsikia:

"Papa Desire, unatoka ghalani saa ngapi? Saa nane? Basi pitia moja kwa moja, usiende kuoga. Mama Kabura lazima atoke saa tisa, ana zamu hotelini. Kiti kisibaki wazi. Ndiyo, ghorofa ya nne. Ukifika waambie *Kirundi*, sio Kiswahili. Asante, Papa."

Akarudi, akakaa, akavuta karatasi yake kama hakuna lililotokea.

"Kiti gani hicho?" nikauliza.

"Ni kitu cha jumuiya tu, Shangazi."

Mimi nimeshinda sokoni. Mtu akisema "tu" huku akifunika kitu kwa mkono, ndipo ninapoketi vizuri. Nikamvuta maneno moja moja, na nilichosikia sijakisahau.

Kwao, mtu wao akilazwa hospitali haachwi peke yake. Nyumbani ndivyo ilivyokuwa, kambini ndivyo ilivyokuwa. Huku wakakuta watu wote wako kazini, mmoja usiku, mwingine mchana, na hospitali ziko mbali, na mgonjwa mwenyewe labda ni bibi asiyejua neno la Kiingereza. Walikuwa wanakwenda wote Jumapili, wanajaa chumbani mpaka wauguzi wanawatoa, halafu Jumatatu bibi anabaki na ukuta. Belise, akiwa bado sekondari, akachukua ratiba za kazi za kila mtu, za ghalani, za hoteli, za kiwandani, akazishona pamoja. Anayetoka zamu ya usiku anapitia hospitali kabla ya kulala. Wa hotelini anachukua baada ya chakula cha mchana. Mmoja mmoja, wala si umati. Kiti cha kando ya kitanda kina mtu.

Na ana masharti yake. Kwenye kundi la simu ugonjwa wa mtu hauandikwi, inaandikwa hospitali na ghorofa. Anayekaa hatafsiri maneno ya daktari, hata awe anajua Kiingereza cha redioni, kwa sababu aliwahi kuwepo baba mmoja aliyetafsiri kwa huruma, akaruka maneno yote mabaya, na mgonjwa akatoka hospitali akijua ana malaria. Anayekaa kazi yake ni kuomba mkalimani wa kwenye skrini, na kusema lugha kwa jina. Wauguzi walikuwa wanawaandika wote Kiswahili, na bibi wa watu anajua Kirundi peke yake, anaitikia ndiyo kwa kila kitu kwa adabu.

Nikaweka kikombe chini. Watoto wangu, mimi nilikuwa na ofisi. Nilikuwa na Lorena, kompyuta, kadi za ukutani, vijana waliopanga foleni wakitaka kujitolea, na bado kila wikiendi zilikuwepo wodi zinazolia hazina mtu. Huyu mtoto alikuwa na simu iliyopasuka kioo na watu waliochoka. Kiti hakikubaki wazi. 

"Belise. Hii iko wapi kwenye karatasi?"

"Haipo."

"Naona haipo! Kwa nini?"

"Si yangu, Shangazi. Ni ya jumuiya. Niliwauliza wazee nikaambiwa hapana. Mzee Severini amesema hatuweki kibao."

"Kwani nani atajua ukiandika?"

Akaniangalia kwa heshima zake zote, lakini akaniangalia. "Mimi," akasema.

Jumapili hiyo nikaahirisha safari yangu ya kurudi, nikaenda Fort Worth, misa, nikakaa nyuma nikingoja iishe kama mtu anayengoja soko lifunguliwe. Mzee Severini ndiye mkubwa wa jumuiya yao. Anatengeneza milango kiwandani, ana suti moja ya kijivu, na ana uso wa mtu ambaye hajawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza. Nikampenda papo hapo. Tukakaa kwenye ukumbi wa kanisa, kwenye viti vya kukunja, wazee wachache na Belise kando, kichwa chini.

"Karibu, mama wa Houston," akasema. "Tumeambiwa umekuja kununua."

"Nimekuja kuomba, Mzee. Mumruhusu mtoto ataje kazi aliyofanya."

"Kutaja ni kubandika kibao. Wewe hukukaa kambini. Kisima kilikuwa na kibao cha watu waliokichimba. Hema lina kibao. Choo, mama! Choo kina kibao. Unaingia na shida zako, kwanza unasoma majina ya waliokuonea huruma. Tulipofika huku tukasema kitu kimoja chetu kitakuwa hakina jina la mtu. Ni hiki."

Hapo nikaona mteja si mwepesi. Nikaanza juu, kama inavyotakiwa.

"Basi aandike mwanzilishi."

"Aliyeanzisha ni Mama Goreti huyu hapa, kwa kuugua," akasema mzee mmoja, ukumbi ukacheka.

"Mkurugenzi."

"Ofisi yake iko wapi?"

"Mratibu, basi. Neno dogo kabisa."

Wakainamiana, wakanong'ona Kirundi. Mzee Severini akanyooka. "Mratibu hapana. Mratibu kambini ndiye aliyekuwa na gari."

Nilikuwa nimebakiwa na pumzi kidogo. Nikawaambia wazi: maombi yanafungwa mwisho wa mwezi. Bila hili, karatasi ya mtoto haitafunguliwa mara mbili. Ataacha udaktari. Hao wanaoamua hawamjui, hawajui kanisa hili, hawajui kiti. Mkikaa kimya kwa ajili ya heshima, ukimya huo utasomwa kwamba hakufanya kitu.

 Kisha Mama Goreti mwenyewe akasogeza kiti. Ni mama mnene, mfupi, anayeongea akitazama mbali kama anasoma kitu ukutani.

"Mimi nilipopasuliwa," akasema, "nilifumbua macho nikaona weupe juu, weupe pembeni, na watu wa nguo za buluu wanaongea Kiingereza. Nikasema basi, nimekufa. Na huku mbinguni nako nitahitaji mkalimani." Watu wakaanza kutikisika. "Nikageuza shingo. Nikamwona Desire kwenye kiti, mdomo wazi, viatu vya ghala, anakoroma. Nikajua sijafa."

Akangoja kicheko kiishe.

"Severini, kibao kinawekwa na mgeni. Anachimba kisima, anapigwa picha, anaondoka. Huyu ni mtoto wetu. Akiulizwa ulikuwa wapi miaka yote hii, unataka aseme hakuwa popote?"

Mzee Severini akatoa kitambaa, akajifuta paji la uso, akakikunja, akakikunja tena. Halafu tukapatana. Ataandika kile mikono yake inachofanya: *Ninapanga zamu za kukaa na wagonjwa wa jumuiya yetu.* Cheo, hakuna. Penye "sisi" patabaki "sisi". Na mtu wa kuthibitisha atakuwa Mzee Severini mwenyewe.

"Wakinipigia, nitasema kweli," akanionya.

"Sema."

"Wakiuliza makosa yake?"

"Sema na hayo."

"Anachelewa mazoezi ya kwaya."

"Sema, Mzee!"

Niliingia pale nikitaka rais na mwanzilishi, nikatoka na maneno mepesi kama risiti. Katika maisha yangu ya biashara sijashushwa bei namna ile. Lakini nilipoyasoma maneno yale garini, mshono ulikuwa wake, na hata ungevuta vipi usingeachia.

Walimpigia Mzee Severini kweli. Alikuwa kiwandani, akatoka nje na miwani ya kazi usoni, akawaambia kila kitu, pamoja na kwaya. Baadaye Belise akaitwa kwenye usaili, Houston. Siku hizi usaili mwingi unafanywa kwenye kompyuta, mtu amevaa koti juu na kaptula chini, lakini hawa walitaka uso kwa uso. Akalala kwangu Pearland, akala vizuri, na asubuhi nikampeleka kwenye mtaa wa hospitali nikamwacha mlangoni. Jengo la shule limeungana na hospitali, na wanaotoka juu wanashukia ukumbi wa chini, ule ule nilioutazama kutoka mezani kwangu miaka mingi. Nikamwambia nitamchukua hapo akimaliza.

Nilirudi mapema. Na kwenye benchi mkabala na lifti nikaikuta ile suti ya kijivu.

"Mzee Severini?"

"Mama."

Pembeni yake Mama Goreti, chupa ya chai magotini. Halafu Papa Desire, safari hii viatu vimepigwa rangi. Walikuwa wameondoka Fort Worth alfajiri wakaendesha mpaka Houston, Belise hana habari.

"Mmekuja kufanya nini?"

Mzee Severini akanitazama kama nimeuliza mbona mvua inalowesha. "Mtoto ameingia hospitali. Utamwacha peke yake?"

"Si mgonjwa!"

"Leo yeye ndiye mgonjwa," akasema.

Nikakaa. Kisha likanijia la kuuliza, maana nilijua kijana wao mmoja alikuwa amelazwa Fort Worth, mguu umevunjika. "Na yule wa mguu? Nyie wote mko huku, nani yuko kwenye kiti?"

"Mama Kabura. Mchana anampokea mkwe wangu."

"Belise alipanga kabla hajaja?"

"Hapana. Tulimwambia azime simu asome. Tumepanga wenyewe. Kwani ni vigumu? Alishatufundisha."

Watoto wangu, hapo ndipo swali la Lorena lilipovunjika mikononi mwangu. Miaka yote nilimtafuta mtu ambaye asipokuja simu italia. Na huyu msichana alikuwa hayupo, na simu ilikuwa haijalia. Fort Worth mgonjwa ana mtu. Houston yeye mwenyewe ana watu. Kitu alichokijenga kilikuwa kinatembea, na yeye yuko juu kwenye lifti hajui. Nimemfungulia mlango kila aina ya kijana mwerevu wa mji huu. Sikuwa nimewahi kuona hilo.

Lifti ikafunguka. Akatoka na koti lake la kuazima, amechoka, akatuona.  Alimwangalia Mzee Severini, akaangalia chupa ya chai, akaketi katikati yao kama mtoto wa darasa la kwanza, na Mama Goreti akamshika kichwa.

Akainua kichwa, akasema, "Shangazi, waliniuliza. Ukija kusoma Houston, nani atapanga zamu?"

"Ukasemaje?"

"Nikasema itaendelea. But I wasn't sure. Nilikuwa natumaini tu."

"Na sasa?"

Akanywa chai.

Walimchukua, najua ndilo mnalongoja. Habari ilipokuja alikuwa kazini, anamlisha mzee wa watu uji, na alimaliza kulisha kwanza ndipo akapiga kelele. Kwa hiyo wewe wa Plano, na wewe unayeandika shirika jipya usiku huu kwa ajili ya maombi, kunja karatasi zako kwanza. Usiniulize tena kama zinatosha. Niambie siku usiyokuwepo, kwenye kiti chako amekaa nani, na nani alimfundisha kukaa.

Ila limebaki moja la pale ukumbini. Mlinzi wa mlango, kijana mpya asiyenijua, alikuja na kitabu chake akitaka kujua tunamtembelea nani na tuko wangapi. Nikamwambia angoje. Nikahesabu: Mzee Severini, Mama Goreti, Papa Desire, Belise, mimi. Watano. Mlinzi akaandika. Nami kwa mazoea nikarudia kuhesabu. Mchuuzi huhesabu mara mbili kwa sababu anaogopa vitu vimepungua alipogeuka.

Wakati huo mlango wa kioo ulikuwa umefunguka. Mama wawili wa Kikongo, wakaazi wa Houston, sare za hoteli mwilini na mandazi kwenye mfuko, walikuwa wanaangaza huku na huku wakiuliza kwa sauti, "Mtoto wa Fort Worth ni nani? Kanisani tumeambiwa zamu ya mchana ni yetu." Na nyuma yao baba mmoja, kofia mkononi, anakimbia asipitwe na mlango.

Nikamwambia mlinzi afute. Mara ya pili tulikuwa tumeongezeka.